Kiboksi cha Marehemu

Watu hudhani mshonaji wa sare za shule huchoka mikono. Wanajidanganya, huchoka shingo. Mshonaji huyu alirudi nyumbani kila jioni shingo imekakamaa, nyuzi za bluu zimemng'ang'ania sketini, na kabla hajavua viatu mama mkwe wake alishauliza, "Mwanangu, leo tutamwona?"

Wa kuonwa alikuwa mumewe, aliyefariki mwaka uliopita. Mama mkwe macho yalikuwa yanamwishia. Daktari hakuficha: dawa zinachelewesha tu, kwa hiyo kama kuna kitu anatamani kukiona, akione mapema. Bibi wa watu hakutamani bahari wala milima. Alitaka sura ya mwanawe.

Na video zilikuwapo tele. Marehemu alirekodi kila kitu, hata kuku akivuka ua, akazihifadhi zote kwenye kiboksi cheusi chini ya rafu, kilichounganishwa kwa waya na ruta ya intaneti. Enzi zake alizionyesha kwa kompyuta, ila kompyuta nayo ilimfuata mwenyewe upesi. Mdogo wa marehemu akampa moyo kwa simu: "Shemeji, achana na kompyuta. Tivi yenyewe inaongea na kile kiboksi. Shika rimoti, tafuta orodha ya vifaa, utaona jina lake."

Hakuliona. Kila jioni alibonyeza mpaka kidole kikafa ganzi, na tivi ikamjibu lile lile: hakuna kifaa. Aliichukia tivi, akamchukia shemeji kidogo, na marehemu naye hakusalimika, kwa kuondoka bila kumfundisha mtu.

Jumapili moja mchana alijilaza sakafuni kukagua waya. Plagi ya kiboksi ilikuwa imelala vumbini.

"Mama, nani kachomoa hii?"

"Mimi," akajibu mama mkwe bila wasiwasi. "Ukitoka asubuhi nachomoa zote. Jioni narudisha ya tivi na ya intaneti. Hicho kinapepesa taa kutwa nzima, hata mimi nisiyeona nakiona. Tuje tuungue bure?"

Kikulacho ki nguoni mwako! Mshonaji alitaka kulia, akacheka, maana kilio kinataka nguvu na yeye hakuwa nazo. Akachomeka, wakasubiri, na jina la kiboksi likatokea kwenye tivi kama mgeni asiyejua alikuwa anatafutwa. Mama mkwe akavuta kiti mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

Wakamwona binti wa mshonaji na marehemu, ambaye siku hizi yuko shule ya bweni, akijifunza kutembea. Wakaona ukuta ukipakwa rangi, maji ya mvua yakijaa uani, mama mkwe mwenyewe akisinzia kitini mdomo wazi.

"Yeye yuko wapi?" akauliza mama mkwe.

Hakuwapo. Alikuwa sauti tu, nyuma ya kamera. Mshonaji akafungua nyingine, na nyingine, zote bila sura yake. Mwisho ikaja moja ambamo anaonekana mshonaji mwenyewe, ameinama kwenye cherehani.

"Hebu shika kamera na wewe kidogo," ikasema sauti ya mumewe, "nami nionekane."

Yule wa kwenye tivi hakuinua hata kichwa. "Nimechoka, baba watoto. Kesho."

Picha ikatikisika kwa kicheko. "Haya bwana, kesho."

Ikaishia hapo. Mshonaji akaweka rimoti chini, machozi yakimtoka. "Nisamehe, mama. Nimekunyima sura ya mwanao."

Mama mkwe hakugeuka. Alikuwa ameacha kukodoa. Macho ameyafumba, sikio ameliegemeza kwenye tivi.

"Hapo alipocheka," alisema. "Rudisha."

Akarudisha. Kicheko kikaja, kikapita.

"Tena, mwanangu. Anzia nyuma kidogo, nisipitwe."

Akarudisha tena, na sauti yake mwenyewe ikajaza sebule, ikisema imechoka.