Kesi ya Thurman Batiste na Mkuki wa Odessa

Thurman Batiste alikuwa fundi wa viyoyozi katika mji wa Belle Rive, Louisiana, na mji ule, kwa joto lake la Julai, haumwachi fundi wa viyoyozi akae bure. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa na maneno machache, na mguu wake wa kulia aliuburuta kidogo. Hakuna aliyemuuliza una nini. Wengi walikuwepo uwanjani siku goti lilipovunjika. Uwanja mzima ulinyamaza, akabebwa nje kwa makofi, kisha mchezo ukaendelea.

Ulikuwa mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti na mabega ya plastiki, na Thurman aliucheza akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha hapo mjini. Kazi yake ilikuwa kusimama mstari wa mbele na kuwazuia wapinzani wasimfikie mrushaji wa mpira. Wachezaji wa aina yake hawaandikwi magazetini. Ila mpiga picha mmoja alimnasa siku ya mvua: matope mpaka kwenye nyusi, damu puani, meno yote nje kwa kicheko. Chuo kikaipenda picha ile. Ikawekwa kwenye bango la barabara kuu, kwenye kalenda, kwenye vikombe vilivyouzwa siku za mechi. Thurman alimaliza masomo, akaoa, akazeeka kidogo, na kijana wa kwenye bango akabaki pale pale anacheka.

"Yule ndiye niliyemtaka mimi," mkewe Verna alikuwa akimtania kila wakipita kwa gari. "Sijui huyu waliyenipa ni nani."

"Ulichelewa, mama. Yule alishachukuliwa na chuo."

Siku moja alikuja wakili kutoka New Orleans, Miriam Adelstein, mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba na sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alimkuta Thurman nyuma ya kanisa akifungua mashine iliyokufa, akajikalia juu ya ndoo iliyogeuzwa bila kukaribishwa.

"Bwana Batiste, kwa picha ile ulipata nini?"

"Nilipewa kikombe."

"Kimoja?"

"Kimoja. Mama yangu alikuwa anakiwekea mswaki."

Miriam akacheka, halafu akaeleza shida yake. Kwa sheria za wakati ule, mwanafunzi mchezaji alipewa ada, kitanda na chakula, na zaidi ya hapo ilikuwa kosa. Makocha walilipwa kama wafalme, viwanja vilipanuliwa, televisheni zikalipa, na vijana wakarudi nyumbani na magoti mabovu. Alikuwa anakusanya wachezaji wa zamani waweke majina yao kwenye kesi dhidi ya vyuo. Yeye alitaka jina la Batiste liwe la kwanza.

Thurman alikwenda nyumbani na ombi hilo. Verna alimsikiliza huku akichambua maharage.

"Watu watanuna," alisema Thurman.

"Watanuna. Halafu joto litapanda, watakupigia simu."

Basi akaweka jina lake, na kesi ikaitwa Batiste.

Watu walinuna kweli. Katika mji ule timu ya chuo si mchezo tu. Harusi hupangwa kwa kuangalia ratiba yake, na mchungaji hufupisha mahubiri siku ya mechi kubwa. Wateja wengine walitafuta fundi mwingine. Ila aliyemuumiza Thurman alikuwa Dub Fontenot, kocha wake wa zamani, aliyekwisha kustaafu. Walikutana dukani, mbele ya friji la soseji.

"Thurman, mwanangu."

"Shikamoo, Kocha."

"Ulikuwa unakula mezani kwangu."

"Nilikuwa nakula, Kocha. Na mama, mkeo, alikuwa ananijazia sahani mara mbili. Sijasahau."

"Na leo unanipeleka mahakamani."

"Si wewe, Kocha. Ni chuo."

"Nimekaa pale tangu nywele zangu nyeusi," alisema mzee. "Mimi nikitolewa, chuo ni nani?"

Thurman alichukua soseji ambazo hakuzihitaji, akalipa, akaenda kukaa garini.

Kesi ilikwenda kama kesi zinavyokwenda. Kulikuwa na rufaa, na kuahirishwa, na rufaa juu ya rufaa. Siku mawakili wa vyuo walipomhoji, walimuuliza kama kuna mtu alimlazimisha kucheza. Akasema hapana. Wakamuuliza kama aliupenda mchezo. Akasema aliupenda kuliko kitu chochote duniani, na mpaka leo anauota. Alirudi nyumbani akimwambia Verna kwamba anadhani ameiua kesi kwa mdomo wake mwenyewe.

Hakuwa ameiua. Wakati huo binti yao, Odessa, aliyekuwa mtoto mdogo kesi ilipoanza, akakua, akawa mrefu kama babake na mkaidi kama mamake. Shuleni alijifunza kurusha mkuki. Alipomaliza, alichagua chuo kile kile cha Belle Rive. Hakupewa ufadhili. Aliingia kwenye timu ya riadha kwa kufanya majaribio na wenzake, akarusha mpaka akapewa sare.

"Pale pale, binti yangu?" Thurman alimuuliza.

"Wewe unawashtaki, Baba. Mimi sijawashtaki. Na uwanja wao wa kurushia ni mzuri."

Halafu vyuo vikachoka, vikaomba suluhu. Wachezaji wa zamani wangelipwa fidia, na kuanzia hapo vyuo vingewalipa wachezaji wao waziwazi. Miriam alipiga simu akilia na kucheka kwa pamoja. Verna alichemsha kamba wa mtoni sufuria nzima, majirani wakaja, hata baadhi ya wale walionuna.

Haukupita muda Odessa akaingia jikoni na begi lake la mazoezi, akalibwaga chini.

"Kocha ametuita ofisini mmoja mmoja," alisema. "Nimetolewa."

"Umetolewa wapi?"

"Kwenye timu, Baba. Anasema kila timu imewekewa kikomo cha watu. Iko kwenye makubaliano. Tusio na ufadhili ndio tumeanza kukatwa. Amesema, samahani Odessa, ni mambo ya Batiste. Halafu akakumbuka mimi ni nani, akaanza kupanga kalamu mezani."

Verna akaweka kisu chini. Thurman alitaka kumshika binti yake bega, lakini Odessa alikwisha kupita, na mlango wa chumba chake ukafungwa polepole. Kwa Thurman ilikuwa afadhali angeubamiza.

Alimpigia Miriam.

"Hukuniambia habari ya vikomo."

"Vimo humo, Bwana Batiste. Nilikutumia yote."

"Ulinitumia karatasi za kujaza sanduku, na unajua sikuzimaliza. Ungeniambia kwa mdomo."

"Kweli. Ningekuambia. Vyuo vilisema bila vikomo hakuna suluhu. Nikaogopa kuipoteza." Kisha akasema, taratibu, "Ukipinga sasa, inaweza kuvunjika yote. Kuna watu kwenye kesi hii hawawezi kusubiri tena. Mwingine aligongwa kichwa mpaka kumbukumbu ikaisha; kila siku ananiuliza jina langu nani."

Maneno hayo yalimkalia Thurman vibaya. Kwa siku kadhaa alifanya kazi bila kuimba, yeye ambaye huimba hata akiwa ndani ya dari. Odessa alikuwa anamjibu kwa heshima, na ile heshima ndiyo iliyomtesa. Mwishowe akamwambia Verna: "Nitakwenda kusema. Sitaki kuivunja. Ila nikinyamaza, nitakuwa nimekubali."

Siku ya kusikiliza maoni, kabla jaji hajaidhinisha suluhu, mahakama ilijaa vijana: waogeleaji, wapiga mieleka, wakimbiaji, wamevaa suti za kuazima. Walisema mmoja baada ya mwingine, wengine vizuri kuliko mawakili. Thurman alipoitwa alikuwa ameandaa hotuba, ikamtoka yote kichwani.

"Mheshimiwa," alisema, "mimi ndiye Batiste."

Jaji, mwanamke mwenye mvi, akavua miwani. "Jina lako nimelisoma miaka mingi, bwana. Karibu. Sema."

"Nataka wachezaji walipwe. Hapo sijabadilika. Lakini sikuomba huyu alipwe kwa kumfukuza mwenzake."

"Je, una mtu wako kati ya waliofukuzwa?"

"Binti yangu, Mheshimiwa."

"Basi una maslahi pande zote mbili."

"Ninayo. Yananivuta huku na huku."

Vijana wakacheka kidogo, hata jaji akatabasamu. Thurman akashukuru, akarudi kukaa huku akiona aibu. Alipogeuka alimwona Odessa nyuma ya ukumbi. Hakujua kama angekuja. Alikuwa na begi la mazoezi begani, na alipomwona babake anamwangalia, alisogea kwenye benchi kumpa nafasi.

Jaji hakuitia saini suluhu siku ile. Aliwarudisha mawakili wakairekebishe, na walivutana sana kabla ya kukubaliana: waliokatwa wanaweza kurudishwa bila kuhesabiwa kwenye kikomo, chuo chenyewe kikipenda. Miriam alilisoma hilo "kikipenda" kwa simu mara mbili, ili safari hii asije akaambiwa hakusema.

Vyuo vingine havikupenda. Kocha wa Odessa alimpigia, akamwambia aje, nafasi ipo, ila hamwahidi kitu. Thurman alidhani atakataa. Yeye mwenyewe, kwa hasira aliyokuwa nayo, angekataa.

"Unarudi kwa watu waliokutupa?" alimuuliza.

"Narudi kwenye mkuki, Baba. Watu ni wale wale kila mahali."

Akarudi. Vijana wa mpira sasa walikuwa wanalipwa, wengine wanaendesha magari ambayo Thurman aliyaona kwenye matangazo tu, na mmoja wao alimsimamisha barabarani amshike mkono, akimwita Mzee Batiste. Odessa hakulipwa kitu, kwa kuwa warusha mkuki hawakuwa na mtazamaji wa kuwalipia. Alilalamika siku moja moja, kisha akaenda mazoezini.

Masika yaliyofuata Thurman na Verna walikwenda kumtazama. Jukwaani palikuwa na wazazi wachache na upepo. Odessa alikimbia, akarusha, mkuki ukapaa na kutua mbali, ila si mbali kiasi cha kushinda. Akawa wa tano. Alikuja pale walipokaa, akajitupa katikati yao, akafungua mfuko wa kamba wa kukaanga.

"Mrusho wa pili uliuona?" aliuliza na mdomo umejaa.

"Niliuona. Ulikwenda vizuri, halafu ukainamia kushoto."

"Wewe unajua nini kuhusu mkuki?"

"Sijui kitu," alisema Thurman. "Nieleze."

Odessa akaufuta mkono kwenye suruali, akaanza kumweleza.