Amina Iliyonikosesha Mtamba

Namshukuru Mungu aliyenipa umri mrefu na kumbukumbu isiyochoka, ingawa kuna siku moja ningemwomba aniondolee kabisa, maana kila nikiikumbuka masikio yanapata moto mpaka leo, na mimi ni babu wa wajukuu wasiohesabika.

Ilikuwa miaka ya hamsini, huku kwetu Bariadi, nikiwa kijana mwalimu wa dini. Pikipiki zilikuwa mbili tu. Moja ya padri wetu, kuukuu, inakohoa kama mzee wa kifua. Nyingine mpya, ya Masanja, karani wa ununuzi wa pamba, kijana wa maneno mengi na nywele zenye mafuta. Watu walibishana ipi ina mbio mpaka ikaundwa kamati ya mashindano. Zawadi ikawa mtamba mmoja mwekundu, na mtoaji alikuwa Mzee Luhende, mwanangwa wetu, yaani mkuu wa kijiji.

Sasa huyo Mzee Luhende ndiye baba yake Nkwimba, na mimi nilikwisha kumposa Nkwimba, na mahari ilibaki ng'ombe mmoja tu. (Mmoja! Nilikuwa nikimwona yule mtamba ndotoni, ananiita kwa jina.)

Kamati ilinichagua mwenyekiti kwa sababu nilijua kufungua kikao kwa sala, ikanipa na ukatibu kwa sababu kalamu ilikuwa yangu. Na kwa kuwa padri alikubali kuniazima pikipiki yake, nikawa mshindani pia.

"Mwalimu," Masanja akasema, "wewe ni mwenyekiti, wewe ni katibu, wewe ni mshindani. Umebakiza kuwa pikipiki tu."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza jinsi pikipiki ya padri itakavyoachwa nyuma, ndipo likanijia wazo ambalo wakati ule nilidhani limetoka juu. Nikawaambia, jamani, sisi ni Wasukuma, ngoma zetu zikishindana hatumtafuti mwamuzi, tunaangalia watazamaji wamejaa upande gani, huko ndiko kwenye ushindi. Kwa nini pikipiki nazo zisiwe hivyo? Ngoma ya mwisho ikipigwa, mwenye watu wengi ndiye mshindi. (Nilikuwa na kwaya nzima, wanafunzi wa ubatizo na mama zao. Masanja alikuwa na nani? Magunia ya pamba?)

"Hapana," akasema Masanja. "Wa kwanza kuvuka kamba ndiye mshindi. Tupige kura."

Nikaona mikono mingi itakwenda kwake. Basi nikafanya jambo dogo tu, jambo la mara moja. Nikasema, "Muda umekwisha, tufumbe macho tuombe." Na katikati ya sala, baada ya kuwaombea wagonjwa na mvua, nikapenyeza: "Na uubariki, Bwana, uamuzi wetu wa leo kwamba mshindi atakuwa mwenye watu wengi."

Wote wakaitikia, "Amina!"

Nikafumbua macho, nikaandika kitabuni: Imeamuliwa kwa sauti moja.

Siku ilipofika, uwanja wa mnada ulifurika. Masanja alitoka kama risasi. Mimi nilitoka kama niliyesahau kitu nyumbani. Nilikuwa nimekula vumbi lake nusu ya njia, kwaya yangu ikiniimbia kwa uaminifu, pale alipogeuka nyuma kunicheka, na wakati anacheka, barabara ikapinda na yeye hakupinda. Akaenda moja kwa moja, yeye na pikipiki na mafuta yake ya nywele, hadi ndani ya lambo la kunyweshea ng'ombe.

Nikajua Mungu amejibu. Nikavuka kamba peke yangu, mikono juu, nikageuka kupokea vigelegele.

Hapakuwa na mtu. Mkutano wote ulikuwa umekimbilia lambo kumtazama Masanja akitolewa matopeni. Kwaya yangu ilikuwa huko. Mama zao walikuwa huko. Padri mwenyewe alikuwa huko, amekunja kanzu. Pale kwenye kamba alibaki bibi mmoja anayeanika mtama.

"Bibi," nikamwambia, "wewe uko upande wangu, siyo?"

"Niko upande wa mtama wangu. Sogeza moshi wako."

Ngoma ya mwisho ikapigwa.

Nilikimbilia lambo nikipaza sauti, "Nimevuka kamba! Mtu anashindaje akiwa majini?"

Mzee Luhende akanitazama kwa upole. "Mwalimu, tusomee kitabu cha kamati."

Nikakisoma mbele ya kijiji kizima, mbele ya Nkwimba, kwa sauti iliyozidi kupungua, mpaka pale pa "kwa sauti moja" pakasikiwa na kuku tu. Nikaomba sasa kura ipigwe.

"Vema," akasema Masanja, tope likimtiririka puani, "lakini kwanza tuombe."

Mzee Luhende akavua kofia. Tukafumba macho. Akawaombea wagonjwa. Akaombea mvua. Kisha akasema, "Na tunakushukuru, Bwana, kwa sheria ya Mwalimu, na kwa kumpa Masanja mtamba huyu."

Ndugu zangu, mwalimu wa dini akisikia sala inakwisha, kinywa hakimsubiri. Niliitikia wa kwanza, na kwa sauti kubwa kuliko wote, ile sauti ya kuongoza kwaya: "Aminaaa!"

Kicheko kilichofuata kiliwatawanya ng'ombe.

Mzee Luhende alinishika bega. "Nenda ukalime pamba, baba. Mtamba hapatikani kwa Amina."

Nililima. Nkwimba alinisubiri hadi mavuno, akicheka msimu mzima, na tukafunga ndoa. Tangu siku ile sijapenyeza neno langu katika sala ya watu. Kwenye kikao nasema nitakalo macho yakiwa wazi, na nikishindwa nakaa chini. Lakini mke wangu hajaniamini. Mpaka leo nikiombea chakula, yeye hufumbua jicho moja.

Nawe uliyesoma, Mungu akubariki wewe na nyumba yako. Na hii unaweza kuiitikia bila wasiwasi, sikuficha kitu ndani yake.