Sani Amehama

Alamelu hakuwa na ugomvi na nyota. Aliolewa na Kathiresan kwa sababu nyota zao ziliafikiana. Binti yao Selvi alipewa jina kwa nyota, akaozwa kwa nyota, na hata siku ya kuingiza friji ndani walingoja saa mbaya ipite huku mwenye gari la mizigo akiwatukana barabarani. Ndivyo tunavyoishi katika mtaa wetu wa wafumaji, na anayetucheka aje atuambie kwao wanaishi kwa nini.

Lakini Sani ni habari nyingine. Sani ndiye Zohali, mzito wa mwendo, kiguru. Akiikaribia burji iliyokaliwa na mwezi siku ya kuzaliwa kwako, hutoki mikononi mwake mpaka miaka saba na nusu iishe. Alipomwingilia Kathiresan, mpiga falaki wao, mzee Ekambaram, aliisoma safari hiyo akatoa onyo moja: "Chunga miguu, bwana. Sani anapenda miguu. Na chuma kisiguse mwili wako mpaka ahame." Kathiresan akalishika neno hilo kama mtoto ashikavyo upindo wa nguo ya mama. Miaka yote hiyo Alamelu aliwasha taa ya mafuta ya ufuta kila Jumamosi na kuwatupia kunguru wali, maana kunguru ndiye kipando cha Sani. Kunguru wakanenepa. Kathiresan akakonda.

Kisha kisukari kikamla kidole cha mguu. Kidonda kikapanda, kikanuka hata ubani haukufua dafu. Daktari aliufunua mguu, akaufunika, akasema ukatwe chini ya goti wiki hiyohiyo, la sivyo sumu itasambaa mwilini. Akamvuta Alamelu kando.

"Mama, bado anasikia maumivu?"

"Analia usiku kucha, daktari."

"Basi afadhali. Siku akikwambia hauumi, usifurahi."

Kathiresan alikataa katakata. "Mfumaji bila mguu ni nani? Nani atashuka katika shimo la mtambo wangu wa kufumia, akanyage vikanyagio? Na Sani bado yumo. Mwakani akihama, nitakwenda mwenyewe, hata kwa kutambaa."

"Mwakani, baba Selvi, utakwenda umebebwa na wanaume wanne."

"Nyamaza! Mdomo wako ndio nuksi yenyewe."

Alamelu alitoka akakaa kwenye ngazi, akalia kwa hofu na kwa hasira, asijue ipi inamliza zaidi. Jirani yake Gomathi alimkuta hapo.

"Unamlilia Sani wakati keshahama? Mwenzio nimeshaoga mafuta ya kumuaga!"

Na kweli, vitabu vya falaki kwetu ni viwili. Cha kale, cha mababu, kinasema Sani atatoka burji ya Ndoo mwakani. Kipya, cha wanaofuata hesabu za darubini, kinasema ametoka kitambo, yumo burji ya Samaki anastarehe. Watu hutaniana tu kwa hilo; ziko nyumba ambamo mume humuaga Sani leo na mke akamuaga mwakani. Lakini Alamelu aliona kwamba baina ya vitabu hivyo viwili ndipo ulipo uhai wa mumewe.

Kathiresan aliposikia, alifyonya. "Kitabu cha watu wa televisheni! Ekambaram akiniambia kwa kinywa chake kwamba Sani amehama, nitasadiki. Si vinginevyo."

Alamelu akamwendea mzee barazani kwake.

"Mzee, nakuomba umwambie amehama."

"Hajahama."

"Kwa kitabu kile kingine amehama."

"Mwanangu, kitabu si sari, uchague rangi. Hiki alikisoma babu yangu, akakisoma baba yangu. Nikisema leo kimekosea, hao wote niliowaozesha kwacho niwaambie nini? Waachane?"

"Wewe ndiwe uliyesema chuma kisimguse!"

"Nilisema ajihadhari na panga na misumari! Kisu cha daktari sikukitaja."

"Basi mwambie hivyo."

"Nimempelekea salamu. Kanijibu kwamba chuma ni chuma."

Alamelu alianguka miguuni pake. Kisha akainuka, akanyoosha mikono yote miwili yenye bangili za kioo mpaka mbele ya pua ya mzee.

"Basi niahidi kitu kimoja. Siku nitakapofiwa na mume, wasije wajane kunivunjia hizi kama ilivyo mila. Uje wewe na kitabu chako, univunjie kwa mkono wako."

Mzee Ekambaram aliziangalia zile bangili. "Kesho asubuhi," alisema.

Usiku ule Kathiresan alilala kimya, na Alamelu akashukuru.

Asubuhi mzee alikuja na jivu takatifu kipajini. Aliketi kando ya kitanda, asimtazame mgonjwa usoni.

"Nimepiga hesabu upya," alisema, na Alamelu akajua jinsi uongo huo ulivyomchoma. "Sani amehama, bwana. Amekuachia."

Machozi yalimtoka Kathiresan. Aliishika mikono ya mzee akaiweka machoni pake. Alamelu alikuwa tayari na kikapu cha nguo, na bajaji ilikuwa ikingurumia mlangoni.

"Haya, baba Selvi, twende."

"Twende wapi?"

"Hospitali! Si ulisema akihama utakwenda mwenyewe?"

Kathiresan aliangua kicheko ambacho nyumba ile ilikuwa imekisahau. "We mwanamke! Aliyeushika mguu wangu kaondoka, halafu nikaukate? Mwizi katoka, ndipo uichome nyumba?"

Akajiburura mpaka kwenye mtambo wa kufumia, akajishusha shimoni. Alamelu alimgeukia mzee, akamshika shuka.

"Sema kitu! Mwambie bado yumo!"

"Nikisema yumo, atangoja. Nikisema kaondoka, hataki." Mzee aliivuta shuka yake mikononi mwa Alamelu. "Kitabu cha tatu hakuna, mwanangu."

Nyuma yao kikanyagio kilishuka, kikapanda. Kathiresan alikuwa ameuweka juu yake ule mguu wenye bendeji, anakanyaga kwa nguvu, uso umemkunjuka kama bwana harusi.

"Njoo uone, mama Selvi!" aliita. "Hata hauumi! Hauumi hata kidogo!"