Mwanga Uliochoka Katikati ya Moshi

Katika ukoo mzima, anayelipwa kwa kutazama moshi ni mmoja tu. Wengine wote waliotazama moshi waliambulia machozi. Ndiyo maana nyumbani wanamwita Mama Moshi, na yeye huitika bila kununa.

Ofisi yake iko ghorofa ya tatu, feni inakoroma kama mzee aliyeshiba, na kwenye kompyuta kuna picha za anga iliyokatwa wima kama mkate. Huko juu setilaiti hubeba mashine mbili. Rada hupenya wingu nene ikapima matone yaliyomo ndani. Laida humulika kwa mwanga, ikaona hata moshi mwembamba ambao rada haina habari nao. Mama Moshi huziunganisha hizo mbili ili ajue moshi wa mapori yanayoungua umekaa wapi, maana moshi ukiingia ndani ya wingu hubadili matone yake.

Naye alikuwa ameshasema: moshi unaelea juu, haugusi wingu, katikati kuna pengo safi. Jumatatu mkuu wa maabara angelitangaza hilo mbele ya wageni, na Mama Moshi angepewa kitengo chote akiongoze.

Ijumaa mjomba wake, mtu aliyeacha shule kabla shule haijamwacha, alipita kunywa chai ya ofisi.

"Mpwa wangu, hiyo tochi yenu ya mbinguni haiishiwi betri?"

"Kunywa chai, Mjomba."

Lakini swali hilo lilimrudisha Mama Moshi kwenye kompyuta. Tangu asubuhi alikuwa akilinganisha mianga miwili ya laida: ule wa kijani aliouzoea, na mwingine usioonekana kwa macho, ambao moshi hauuchoshi upesi. Wa kijani ulikoma katikati ya moshi. Wa pili uliendelea kushuka ndani ya moshi mpaka mgongoni mwa wingu. Pengo halikuwepo. Pale alipodhani moshi umeishia, ulioishia ni mwanga.

Angeweza kunyamaza, siri ya mtungi aijuaye ni kata. Badala yake aliinuka, akagonga mlango wa mkuu.

Mkuu alizilinganisha picha za mianga ile miwili.

"Unajua hotuba yangu yote imekaa juu ya pengo hilo?"

"Najua, mkuu. Nililichora mimi."

"Unanivua nguo siku tatu kabla ya wageni."

"Bora nikuvue mimi, mkuu, mlango umefungwa."

Mkuu alicheka kwa shingo upande, lakini alicheka. Jumatatu alimwachia jukwaa, na Mama Moshi akaanza na kosa lake mwenyewe, picha kwa picha.

Jioni mjomba alimngoja mlangoni mwa ofisi.

"Na cheo?"

"Kimeahirishwa. Wanataka kwanza nirudie picha zote."

"Na moshi?"

"Umeshuka mpaka kwenye wingu."

Mjomba akauzunguka mtaa mzima akitangaza kwamba mpwa wake ameshusha moshi kutoka mbinguni, kwa msaada mdogo wa betri. Mama Moshi alikuwa amesharudi ndani na kuwasha kompyuta, aanze kurudia picha ya kwanza.