Mume wa Kanze Alipokuja kwa Ndege

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na kumi na tisa. La, sivyo. Kumi na tisa watu walikuwa hawajavaa barakoa bado, na siku hii ninayoieleza Kanze alikuwa na barakoa yake kuukuu ameishusha kidevuni, kwa mazoea tu. Basi ni elfu mbili na ishirini na mbili, mwaka ule wa kiangazi kirefu, ng'ombe wa Ganze wakifa kwa kiu, nami nimetoka Tezo kidogo kidogo, nalala kwa huyu, nakula kwa yule, hata nikafika Malindi.

Nikifika Malindi hupenda kupumzika uwanja wa ndege. Watu hunicheka. Lakini pale pana kivuli, pana mabenchi nje ya mlango wa wanaowasili, choo ni safi, na hakuna anayekuuliza unangoja nani, maana kila mtu pale anangoja mtu. Choo kilikuwa safi kwa sababu ya Kanze.

Kanze ni mama mzaliwa wa kijiji cha Jilore. Aliolewa na Gona, rafiki yangu, mtu mrefu asiyesema sana, ambaye kazi yake ilikuwa kufyeka nyasi kando ya njia ya kurukia ndege. Siku hizo zilifyekwa kwa mkono, watu wamejipanga mstari, na ndege ikikaribia wanapigiwa kipenga wakimbilie kando. Gona alifyeka hapo mpaka nywele zikawa nyeupe, na ndani ya ndege hakuwahi kutia mguu. Alipofariki, waliomjua wakamsaidia mjane wake kupata kazi ya usafi. Tangu hapo Kanze anapiga deki. Ndege ya Nairobi ikishusha watu panajaa kelele, magurudumu ya masanduku, madereva wa teksi wanaitana. Punde si punde, kimya. Anabaki yeye na ndoo. Jioni anarudi kwenye chumba chake cha kupanga, anasonga ugali wa mtu mmoja, na aliniambia mwenyewe kwamba ugali wa mtu mmoja haujawahi kumwivia vizuri.

Mtoto alikuwa naye mmoja tu, Vivian. Akasoma, akaenda Nairobi, akaolewa na Thuku, kijana wa Limuru. Wako walionung'unika, mkwe wa bara. Kanze hakunung'unika.

"Watu wa Limuru wana desturi kama yetu," alisema. "Mtoto wa kiume wa kwanza wanampa jina la baba wa mume. Wa pili, la baba wa mke. Basi mimi nangoja wa pili."

Wa pili alipozaliwa Vivian akapiga simu: "Mama, Gona amerudi." Kanze akapiga vigelegele humo humo vyooni, abiria wakatoka mbio.

Asiye wa kwetu nimweleze. Mjukuu mwenye jina la mumeo ni mumeo. Unamtania hivyo, unamlaumu mbele za watu kwamba amekutupa, na yeye akishajua kusema hukujibu: toka hapa, mke gani hana meno! Watu wanacheka. Lakini chini ya mzaha huo mna jambo kubwa. Jina likiitwa, aliyekufa bado ana watu. Likinyamaza, ndiyo amekwenda kweli. Na huyu mume wake mdogo Kanze hakumwona mpaka alipofikia umri wa kuanza shule. Kila mwaka ilikuwa, "Krismasi ijayo, mama."

Siku ile basi Vivian anakuja Watamu kwa semina ya kazini, na huyo mtoto wa pili yuko naye. Kanze angeweza kuomba ruhusa, ajifunge leso mpya, asimame nje pamoja na wapokeaji wengine. Alikataa. Alibadilishana zamu ili awe ndani.

"Bwana Sanga," akaniambia, "mume wangu alifanya kazi hapa miaka yote akiingilia lango la nyuma. Leo apite mlango wa mbele, na sakafu niwe nimeiosha mimi."

Kiprop, askari wa mlangoni, alikuwa akimtazama. "Mama, hii ni mara ya tatu unapiga deki. Hata rubani atateleza."

"Nyamaza wewe. Mkeo akija kutoka Eldoret hutaoga?"

"Nitaoga, lakini si na dawa ya choo."

Wakacheka wote wawili. Kanze alikuwa amechangamka kama mwari. Majibu yote alikuwa nayo tayari. Mtoto akimwambia hana meno atasema hivi, akimwambia amezeeka atasema vile. Alinisomea yote pale bencheni.

Ndege ikatua. Mimi nilisimama mlangoni, Kiprop ameniachia nichungulie. Akaingia Vivian, simu sikioni, na mtoto nyuma yake na begi lenye picha ya simba. Kanze akaegemeza fimbo ya deki ukutani, akafuta mikono kwenye overoli, akashika kiuno.

"Huyo! Mwanamume huyo! Miaka yote hii umeniacha na nani? Kuni nani amenichanjia?"

Mtoto akajificha nyuma ya mamake. "Mami, huyu ni nani?"

"Ni shosho."

"Shosho si yuko Limuru?"

"Huyu ni shosho mwingine. Msalimie."

Shosho ndiye bibi, kwa maneno yao ya Nairobi. Mtoto akatoa mkono. Kanze akaupokea kwa mikono yake miwili, akamwongoza mpaka dirishani.

"Gona, umepasahau? Pale, mpaka kwenye kile kifuko kinachopigwa na upepo, ulikuwa unafyeka wewe. Unarudi nyumbani suruali imejaa mbigili, nazitoa moja moja, nawe unanung'unika."

Mtoto akatazama. Palikuwa na nyasi kavu tu.

"Mimi naitwa Marvin," akasema, kwa adabu kabisa.

"Marvin la shule. La nyumbani?"

Mtoto akamgeukia mamake. Vivian akaishusha ile simu. "Liko, mama. Ni jina lake la katikati. Hatulitumii sana tu."

"Hamlitumii sana," Kanze akasema. "Mmeliweka kabatini kama sahani za wageni."

Vivian akacheka. Kanze naye akacheka, lakini alichelewa kuanza, na alichelewa kuacha.

"Usikasirike, mama."

"Sijakasirika, mwanangu. Mmechoka na safari."

Dereva wa hoteli alikuwa amekwisha kuchukua masanduku, anatazama saa. "Jumapili tutakuja nyumbani," Vivian akasema. Jumapili hiyo Kanze alipika wali wa nazi na kuku, nami nikiwapo, na simu ikaja kutoka Mombasa kwamba safari imebadilishwa, watapandia ndege huko. Tukala wawili. Lakini hapo nimetangulia mbele.

Bado wanatoka mlangoni. Kanze amebaki ndani, maana abiria wengine wanakanyaga na sakafu inamngoja. Akaita, "Gona!"

Mtoto akaendelea kutembea, begi linamruka mgongoni.

"Gona! We Gona!"

Vivian akamgusa bega. Mtoto akageuka, akapunga mkono. Kanze akampungia na kitambaa cha kufutia.

Sikujua kama mtoto aligeukia jina au aligeukia bega. Kanze naye hakujua, nilimwona. Alikuwa ananitazama mimi niliye nje, kana kwamba mimi niliyekuwa karibu nao zaidi nilisikia zaidi. Sina tabia ya kuingilia nyumba za watu, lakini nikawafuata mpaka kwenye gari na goti langu hili bovu, nikainama dirishani. Hewa ya baridi ya mle ndani ikanipiga usoni. Vivian akanitazama, akatazama mbele, na kioo kikapanda polepole, gari likaondoka. Nilichomwuliza ni hiki tu: mwanangu, mkiwa kwenu, mlango umefungwa, hakuna mgeni, kuna hata siku moja mtoto huyu huitwa Gona?