Sebule ya Kompyuta Moja

Fundi wa spika na mkewe, mpiga chapa, walikuwa na kompyuta moja yenye mifumo miwili, mmoja wa mume, mmoja wa mke. Ukiiwasha inakuuliza unakwenda upande gani. Katikati walitenga sehemu ya kuwekeana mafaili, wakaiita sebule. Mume huacha humo hotuba alizorekodi, mke huzichapa, na maisha yakaenda.

Lakini ulimi hauna mfupa. Mbele ya wageni fundi alisema kuchapa si kazi, ni kuchezesha vidole tu. Wageni walicheka, mkewe hakucheka. Tangu hapo salamu zikawa za mkato, na leo sanduku la mkewe lilikuwa mlangoni. Anakwenda kwa dada yake, na habari ya kurudi hakuitaja.

Fundi alitaka kuomba radhi, lakini bwana huyu, hodari wa kupaza sauti za wengine, ya kwake humkwama kooni. Mkewe alipoingia kuoga, fundi akawasha upande wake mwenyewe, akajirekodi, akalipeleka faili sebuleni mkewe alikute huko. Kompyuta ikakataa: kusoma ruhusa, kuweka marufuku. Akajaribu tena. Wapi! Iliuma, kufukuzwa sebuleni kwako mwenyewe.

Mkewe alitoka akijifuta uso.

"Mama watoto, umefikia kunifungia mlango?"

"Mlango gani tena, baba?"

"Sebule! Faili langu haliingii. Kama umenichoka, si useme?"

Mkewe aliitazama skrini, akaguna. "Sijafunga kitu mimi. Upande wangu sikuuzima, niliulaza tu. Ukilala hivyo unaishikilia sebule mpaka uamshwe."

Mwanamke huyu hatoki chumbani bila kuzima taa, leo asahau kompyuta?

"Basi nauamsha."

"Acha, nitauzima mwenyewe!"

Mkewe alishachelewa, fundi kashauwasha. Upande wa mke ulifunguka vilevile ulivyoachwa, na sauti iliyokatwa katikati ikaendelea. Ilikuwa ya fundi, siku alipojaribu maikrofoni yake ya kwanza: "Moja, mbili... mke wangu, uko jikoni? Unanisikia?" Nyuma ya sauti hiyo mwanamke akacheka, kicheko cha mkewe cha miaka ile.

"Nilikuwa nakusikiliza," mkewe akasema. "Nikashindwa kuifunga."

Fundi aliliacha faili lake. Akageuka, macho yamemlowa.

"Nimekosa, mke wangu. Kazi yako ni kazi, na mimi ni mpumbavu. Unanisikia?"

"Nakusikia," akasema mkewe, akasimama karibu na sanduku lake. "Sasa waite wale wageni nao wasikie."