Kengele ya Otai

Kila Jumapili Otai alikuwa na makanisa matatu. Asubuhi misa ya Wakatoliki, kisha ibada ya Waanglikana, na jioni alipanda hadi kwa watawa kuwasikiliza wakiimba zaburi. Yote kwa miguu, shati limepigwa pasi, kofia mkononi. Watu wa Tororo walimcheka. Mkewe, Adeke, aliandamana naye mara moja tu, enzi za uchumba, akarudi miguu imevimba na kuapa kwamba hatarudia. Lakini alimpenda mtu huyo, na mtu mwenyewe hakuomba makubwa duniani: akifa, asifukiwe kimyakimya. Kengele ilie, na mtu wa Mungu amwombee.

Alifariki Ijumaa alfajiri. Chai ya msiba haijachemka, kaka yake, Ekaju, mkubwa wa ukoo, alikwisha kutangaza kwamba kwa joto lile marehemu atazikwa jua likianza kuteremka. Adeke alimwomba atume mtu kanisani. Ekaju akauliza, kanisa lipi? Wanaume wakacheka, msibani kabisa, bila haya. Hakuna aliyenyanyuka.

Basi Adeke akajifunga leso na kutoka mwenyewe. Hapo ndipo alipokosea, na alijua anakosea. Katika ukoo ule mjane havuki ua maiti ya mumewe ikiwa bado nyumbani, anayevuka amemkana. Wanawake walimshika mkono. Akawaambia atarudi upesi, kwa sababu hakuona mtu mwingine wa kwenda.

Kwa Wakatoliki, padri alikuwa ameitwa kwenda Busia. Mwenyekiti wa waumini alimuuliza marehemu alikuwa jumuiya gani, maana jumuiya ndiyo inayozika, na asiye na jumuiya hana wa kumsemea. Macho ya Adeke yalikwenda kwenye benchi la nyuma, kando ya nguzo, ambako Otai alipenda kukaa. Mwenyekiti akamshauri ajaribu kwa Waanglikana, kwani alidhani mzee yule ni wa kwao.

Kwa Waanglikana alimkuta mama Athieno, mzee wa kanisa, akipanga maua. Athieno alilia machozi ya kweli.

"Huyo mzee mimi namjua sana. Anaimba sauti ya besi kushinda kwaya yetu," akasema. "Lakini mama, sisi nazika watu yetu. Yeye alikuwa ya Wakatoliki."

Adeke akacheka kidogo, kicheko kibaya cha mtu aliyeishiwa. Miaka yote hiyo kila mlango ulimfungukia Otai kwa sababu kila mmoja ulimhesabu mgeni.

Njia ya kwa watawa inapanda katikati ya mikaratusi. Huko juu kuna kivuli na ukimya, na kwa mara ya kwanza Adeke alielewa mumewe alifuata nini. Ilimuuma kuelewa siku ile. Mtawa wa langoni alimpa maji na kiti, akaahidi kwamba jioni wangemtaja Otai katika sala. Kwenda kuzika, hapana. Bila neno la parokia hawatoki. Alisema kwa upole mno, na Adeke akatamani angalau amfokee.

Jua lilikuwa limeshapita utosini. Akateremka mbio, leso ikimfunguka, akapita karibu na soko palipo na kanisa dogo la udongo ambalo Otai hakuwahi kuingia, kwani hawakuwa na nyimbo za kumpendeza. Katekista wake, Odwori, alikuwa akipalilia mihogo. Adeke alimweleza yote akiwa amesimama. Odwori hakuuliza marehemu alikuwa wa nani. Alinawa mikono, akachukua Biblia na kengele ya mkononi, akasema, "Twende, mama."

Walipokaribia nyumbani walisikia majembe. Ekaju aliwapokea penye ua wa minyaa. Nyuma yake udongo mwekundu ulikuwa ukisawazishwa juu ya Otai.

"Shemeji, ulitoka," alisema, bila hasira. "Sisi tulidhani umemaliza na yeye."

Adeke alinyoosha mkono kumwonyesha Odwori aliyekuja naye. Akamsihi Ekaju amruhusu aingie atupe udongo wake, konzi moja tu. Ekaju akatikisa kichwa. Mtu wa Mungu apite, akasema, maombi hayakataliwi. Mjane abaki nje.

Odwori alimtazama Adeke, akisubiri aambiwe la kufanya.

"Nenda, mwalimu," Adeke akamwambia. "Ni yeye aliomba."

Odwori akaingia. Kengele ikalia kaburini, kama Otai alivyotaka, na waombolezaji wakainamisha vichwa. Adeke aliisikia akiwa barabarani, pamoja na watu waliokuwa wakirudi sokoni. Mmoja wao alimuuliza ni nani aliyekufa pale.